Manahodha Wawili, Ndege Moja

Najua nimekaa kimya kwa muda, na wengine mmeanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Leo naomba tuweke kando mambo ya simu na kompyuta, tuzungumzie ndege ndogo. Lakini msishangae kompyuta zikijirudisha zenyewe kabla hatujamaliza.

Babangu anaishi Minnesota, Marekani. Ni muuguzi. Alipofika miaka hamsini na kitu aliamua kujifunza kurusha ndege, jambo ambalo sote nyumbani tulidhani ni mzaha hadi tulipotumiwa picha ya leseni. Kisha akanunua robo ya ndege. Ndiyo, umesoma vizuri, robo. Yeye na wenzake watatu wanamiliki Cessna 172 moja kwa pamoja.

Kama umewahi kupita Lang'ata Road karibu na uwanja wa Wilson, bila shaka umeiona. Viti vinne, propela moja puani, mabawa juu ya madirisha. Imekuwa ikiundwa tangu miaka ya 1950, na zaidi ya 44,000 zimeshatoka kiwandani. Hakuna ndege nyingine iliyoundwa kwa wingi namna hiyo. Kuimiliki watu wanne ni hesabu ya busara. Ndege ya mtu binafsi hushinda imelala bandani siku nyingi za mwezi, na bado banda linalipiwa, bima inalipiwa, na ukaguzi wa kila mwaka ni lazima kwa sheria. Ukigawa kwa nne, mtu wa mshahara anaweza. Mimi naunga mkono kabisa. Ninacholalamikia ni kitu kingine.

Januari 2025 nilikwenda kumtembelea. Mpango ulikuwa turuke asubuhi kutoka kiwanja kidogo kaskazini mwa Minneapolis hadi Duluth, kando ya Ziwa Superior, tukamwone shangazi, turudi jioni. Kwa gari ni saa mbili na nusu hivi. Kwa Cessna ni saa moja na kidogo. Tulifika bandani kabla ya mapambazuko. Kipimajoto cha gari kilisoma nyuzi 22 chini ya sifuri. Mimi niliyezoea kuvaa sweta Limuru nikiona nateseka, sina la kusema kuhusu baridi hiyo. Pumzi inaganda kwenye ndevu.

Baba aligusa kifuniko cha injini, akanyamaza. Kilikuwa baridi kama chuma cha geti.

Hapa ndipo kompyuta zinapoingia. Katika nchi hizo injini ya ndege hupashwa joto usiku kucha kabla ya safari. Chini ya injini kunabandikwa hita ya umeme, juu yake kunafunikwa blanketi nene. Hita ya kina baba imeunganishwa na swichi yenye laini ya simu. Unaituma ujumbe mfupi wa kuwasha, inawaka. Unatuma wa kuzima, inazima. Nilipoiona niliipenda sana, maana ni wazo rahisi linalotatua shida halisi.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Saa mbili usiku baba alituma ujumbe wa kuwasha. Lakini hakuandika safari yetu kwenye kalenda ya pamoja iliyo mtandaoni, kwa sababu alikuwa amewapigia wenzake wawili simu na akaona yatosha. Saa nne usiku yule wa tatu akauliza swichi iko katika hali gani, akajibiwa kwamba imewaka. Akatazama kalenda, hakuona safari ya mtu. Akadhani imesahauliwa, na kwa kuwa bili ya umeme ni ya wote, akatuma ujumbe wa kuzima. Mtu mwema kabisa, akiokoa pesa za wenzake.

Wanaoandika programu wameshaitambua hitilafu hii. Watu wawili wanabadilisha kitu kimoja, hakuna kufuli, hakuna kumbukumbu ya nani alibadilisha kwa sababu gani, na anayeandika mwisho ndiye anayeshinda. Tumeiona kwenye hifadhidata mara ngapi? Tofauti ni kwamba kwenye hifadhidata unapoteza oda ya mteja. Hapa unapoteza injini.

Nieleze kwa nini. Kwenye nyuzi 22 chini ya sifuri, oili ya injini inakuwa nzito kama uji uliolala, na haifiki haraka panapotakiwa. Zaidi ya hapo, ganda la injini ni la alumini na mhimili unaozunguka ndani yake ni wa chuma kigumu. Alumini husinyaa karibu mara mbili ya chuma inapopoa. Kwa hiyo ile nafasi nyembamba ambamo oili inapaswa kupita inazidi kuwa nyembamba, wakati huohuo oili yenyewe imegoma kupita. Ukiwasha, injini inaweza kushika na kunguruma vizuri, nawe ukadhani umeshinda. Kumbe chuma kinasuguana na chuma, na deni hilo litadaiwa siku nyingine, labda na mmiliki mwingine akiwa angani. Lycoming, watengenezaji wa injini nyingi za Cessna 172, wanashauri injini zao nyingi zipashwe joto kwanza mara baridi inapopita nyuzi 12 chini ya sifuri. Sisi tulikuwa nyuzi kumi zaidi ya hapo.

"Tuipige starta tu," baba akasema. "Itashika."

Nilimkumbusha, kwa upole, kwamba ni yeye aliyenifundisha jana yake kuhusu hizo nyuzi 12. Akacheka, akawasha hita, tukaenda kunywa chai. Hapo hakukuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuja baadaye.

Kufikia saa sita mchana injini ilikuwa imepata joto. Lakini jua la Januari huko linazama kama saa kumi na moja jioni, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi mchana ilikuwa imebana. Shangazi alikuwa amepiga simu mara tatu. Tulikuwa tumekagua mabawa kwa mikono, maana hata umande ulioganda, ukiwa mkwaruzo wa msasa tu, unaweza kupunguza nguvu ya bawa kuinua ndege kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Mabawa yalikuwa safi. Tuliingia ndani, tukafunga milango. Mimi si rubani. Kazi yangu ilikuwa kusoma orodha ya ukaguzi kwa sauti, na baba kujibu.

Nikiwa nasoma, jicho langu lilitua kwenye kadi ndogo ya plastiki iliyobandikwa kwenye dashibodi. Ina doa la rangi katikati, linalogeuka jeusi likikutana na gesi ya kaboni monoksidi. Pembeni kuna mahali pa kuandika tarehe iliyofunguliwa, maana kemikali yake ina muda. Muda huo ulikuwa umekwisha miezi minne iliyopita. Mtu ambaye amewahi kuamshwa usiku kwa sababu cheti cha usalama cha tovuti kimeisha muda na kila mtu ofisini alidhani mwenzake atakihuisha, mtu huyo hawezi kupita tarehe kama ile bila kuisoma.

Kwa nini kadi ya shilingi chache ni jambo kubwa? Kwa sababu ya namna hita ya ndani ya ndege hizi inavyofanya kazi. Hewa ya nje inapitishwa kuzunguka bomba la moto la moshi wa injini, inapata joto, inaingizwa kwa abiria. Ni werevu, haipotezi kitu. Lakini bomba likiwa na ufa, moshi unaingia nao. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Wakati wa joto hakuna anayewasha hita. Majira ya baridi ndipo kila mtu anaiwasha, na madirisha yote yamefungwa.

Wapenzi wa kandanda mnamkumbuka Emiliano Sala. Tarehe 21 Januari 2019 alipanda ndege ndogo ya injini moja kutoka Nantes kwenda Cardiff, kuanza kazi kwenye klabu yake mpya. Ndege ilianguka kwenye bahari ya Mlango wa Uingereza usiku. Yeye na rubani walifariki. Wachunguzi wa Uingereza walikuta kiwango cha gesi hiyo katika damu ya Sala kikiwa asilimia 58, na wakasema huenda rubani naye alikuwa ameathiriwa. Bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani nayo ilihesabu ajali 31 kati ya 1982 na 2020 zilizosababishwa na gesi hiyo, ambazo ziliua watu 42. Kifaa cha kuitambua kilipatikana katika ndege moja tu kati ya hizo 31.

Nikamwambia, "Baba, niwie radhi. Hii kadi imekufa."

Akaitazama. "Hiyo ni kadi tu. Juzi niliruka saa mbili na hita imewaka, nikarudi mzima."

"Najua."

"Shangazi yako amepika."

"Najua, Baba. Lakini mimi sitakwenda leo."

Wasomaji wangu, ninyi mnajua uzito wa sentensi hiyo. Sisi tumelelewa na methali moja kubwa kuliko zote: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu akisema twende, mtoto anafunga mkanda. Huyu ndiye mtu aliyefanya kazi zamu za usiku miaka mingi kulipa karo yangu ya chuo. Ndege ni yake, angalau robo. Leseni ni yake. Mimi ni kijana wa kibodi. Na huko kimya ndani ya kile chumba kidogo, mabega yetu yakigusana, nilisikia kama nimemtukana.

Alizima swichi kuu, akatoka, akafunga mlango. Tulirudi nyumbani kwa gari bila kusemezana. Redio ndiyo iliyoongea.

Fundi wa kiwanja alilikagua bomba la moshi jioni ileile. Halikuwa na ufa. Hakuna kitu. Tukanunua kifaa kipya cha betri, chenye namba na king'ora, na kesho yake, safari ikiwa imeandikwa kwenye kalenda na hita imewaka usiku kucha, tukaruka. Baba akaniambia, "Unaona? Tungefika jana."

Na hapa ndipo nataka kubishana, na baba, na nanyi pia. Uamuzi haupimwi kwa kilichotokea baadaye. Unapimwa kwa kile mlichokijua wakati wa kuamua. Jana yake tulijua mambo mawili tu: kwamba hita itawaka saa nzima milango imefungwa, na kwamba kitu pekee cha kutuonya hakifanyi kazi. Fundi kukuta bomba zima hakubadilishi ujinga wetu wa jana kuwa maarifa. Mtu anayevuka Thika Road akiwa amefumba macho na akafika ng'ambo, je, tumsifu kwa kuvuka vizuri?

Maoni yangu ni haya. Katika ndege ya pamoja, kauli ya "twende" ni ya rubani peke yake. Kauli ya "tusiende" ni ya yeyote aliyeketi ndani, hata kama ni mtoto, na haihitaji kuwa sahihi ili isikilizwe.

Sehemu ya kwanza ni sheria tayari. Kanuni ya 91.3 ya usafiri wa anga ya Marekani inasema rubani anayeongoza ndiye mwenye wajibu na kauli ya mwisho. Ni sawa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tulipokuwa angani baba aliniruhusu kushika usukani dakika kumi, na akanifundisha kwanza maneno ya kukabidhiana. Yeye anasema, "Ndege ni yako." Mimi nasema, "Ndege ni yangu." Yeye anarudia, "Ndege ni yako." Hatua tatu, na hadi zitimie hakuna anayeachia. Nilicheka kwa sauti, maana ndivyo kompyuta mbili zinavyofungua mazungumzo kwenye intaneti: moja inaomba, ya pili inakubali na kuomba, ya kwanza inathibitisha. Watu wawili tofauti walifika jibu lilelile, kwa sababu tatizo ni lilelile.

Na pale maneno hayo yanapokosekana, tunajua kinachotokea. Tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 ya Air France iliyotoka Rio kwenda Paris ilipoteza vipimo vya kasi baada ya mirija ya nje kuziba kwa chembe za barafu. Katika dakika zilizofuata kulikuwa na nyakati ambapo marubani wawili waliamrisha ndege kwa pamoja. Vishikio vya Airbus haviungani, kwa hiyo mmoja hahisi mkono wa mwenzake, na kompyuta inazijumlisha amri zote mbili. Watu 228 walikufa. Haikuwa sababu pekee, lakini mtu wa programu akisoma habari hiyo hapati usingizi.

Sehemu ya pili, ile ya "tusiende", ndiyo ngumu kwetu. Tarehe 27 Machi 1977, Tenerife, rubani mkuu wa KLM, mtu mwenye heshima kubwa katika kampuni yake, alianza kuruka kwenye ukungu. Mhandisi wa ndege aliuliza kama ile ndege nyingine ya Pan Am imeshaondoka njiani. Aliuliza, hakukataza. Alijibiwa kwamba imeondoka, akanyamaza. Haikuwa imeondoka. Walikufa watu 583. Nikisoma hivyo sioni Wadachi. Naona meza ya chakula ya nyumbani kwetu, mtoto akiuliza swali la adabu, mzee akijibu kwa neno moja, na kila mtu akiendelea kula.

Mtajibu kwamba kijana asiyejua kurusha ndege hana haki ya kumzuia anayejua. Nami nasema, fikirini kuhusu hiyo gesi. Kitu cha kwanza inachokichukua ni akili ya kujipima. Rubani aliyevuta anajisikia sawa, pengine ana usingizi kidogo. Yule anayepaswa kuamua ndiye ambaye chombo chake cha kuamulia kimeharibika. Baridi nayo, haraka nayo, chakula cha shangazi kinachopoa nacho, vyote vinafanya kazi hiyohiyo polepole. Ndiyo maana haki ya kukataa lazima itolewe mapema, ardhini, chai ikiwa mezani, kwa maneno yaliyokubaliwa. Angani ni kuchelewa.

Mtajibu pia kwamba ukimpa kila mtu kauli ya kusimamisha, hakuna ndege itakayoruka. Si kweli. Gharama ya siku ile ilikuwa samaki baridi na ukimya wa nusu saa garini. Gharama hiyo nitailipa kila wiki.

Na msidhani haya ni mambo ya Wazungu na theluji yao. Kesho yake tulipopaa, ile Cessna ilipanda kama imerushwa kwa manati. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni nzito, na kwenye kiwanja kilicho futi 900 juu ya bahari, bawa linaiona kama hewa ya futi 3,000 hivi chini ya usawa wa bahari. Wilson ni futi 5,500 na zaidi, na mchana wa nyuzi 25 bawa linaona kama futi 8,000. Ndege ileile, tofauti ya futi 11,000. Anayerusha Nairobi ana nafasi ndogo zaidi ya kukosea. Tena, kabureta hugandisha barafu ndani yake si kwenye baridi kavu ya Minnesota, bali zaidi kwenye hewa yenye unyevu mwingi chini ya nyuzi 21, kwa sababu hewa ikipita kwenye kabureta inaweza kushuka zaidi ya nyuzi 30. Hiyo ni Nairobi, asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya Ngong.

Tuliporuka kurudi kutoka Duluth, maziwa yote chini yetu yalikuwa meupe, huwezi kujua nchi kavu inaishia wapi. King'ora kipya kilionyesha sifuri njia nzima. Baba hakuniomba radhi, wala sikutarajia. Wazee wetu hawaombi radhi hivyo. Lakini tulipotua, kabla hajafunga banda, alichukua kalamu ya wino mzito, akaandika nyuma ya kile kifaa tarehe ya kubadilisha betri, na chini yake majina manne ya wamiliki, moja kwa kila robo ya mwaka. Jina lake aliliweka la kwanza.

Kisha akaniambia, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Kana kwamba ni yeye aliyelitoa wazo. Nikaitikia, "Kweli kabisa, Baba."

Nanyi huko ofisini, mwenye nenosiri la seva ya pamoja ni nani, na mdogo kuliko wote kazini ana neno gani la kusema "leo tusiweke toleo jipya" na bosi akasikia? Kama hamjalichagua neno hilo, lichagueni leo. Hadi wakati mwingine, kwaherini.